Ukihamia London na watoto wadogo: namna ya kuchagua mji wa pembeni unaoumudu

Kazi imepatikana London, viza za familia zimetoka, na sasa swali la kila usiku ni moja: tutakaa wapi? Kodi za karibu na katikati ya jiji hazishikiki, kwa hiyo macho yanakwenda kwenye mitaa ya ukingoni na miji ya pembeni, kule ambako watu hulala na kupanda treni asubuhi kwenda kazini: Dagenham, Grays, Gravesend, Luton, Slough, Watford, Crawley. Wengi hulinganisha kodi za nyumba, kisha huangalia treni inachukua dakika ngapi, wakachagua. Kwa asiye na watoto njia hiyo inatosha. Ukiwa na mtoto wa miaka miwili na mwingine wa miaka mitano, hesabu inaanzia kwingine kabisa: ile saa ya jioni ambayo ni lazima uwe umesimama mlangoni mwa nasari.

Sheria ninazozitaja hapa ni za England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Hatua ya 1: Anza na saa ya kumchukua mtoto, urudi nyuma

Nasari nyingi hufunga saa 12 jioni (18:00), na baadhi saa 12 na nusu. Shule za msingi huwaachia watoto kati ya saa 9 na saa 9 na nusu alasiri, na shule zenye klabu ya baada ya masomo huwashikilia hadi saa 11 na nusu au saa 12. Mzazi akichelewa anatozwa faini, mara nyingi kwa kila dakika kadhaa, na anayechelewa mara kwa mara anaweza kunyang'anywa nafasi. Mkataba wa nasari unasema hivyo waziwazi, usome kabla ya kusaini.

Sasa chukua karatasi. Tuseme ofisi iko karibu na kituo cha Farringdon na unaruhusiwa kutoka saa 10:45 jioni. Kutembea hadi jukwaani ni dakika 8, kusubiri 7, safari ya treni 35. Umeshuka saa 11:35. Kutoka kituoni hadi nasari kwa miguu ni dakika 15, saa 11:50 umefika. Zimebaki dakika kumi, na mtoto amechukuliwa.

Kisha fanya hesabu hiyohiyo upya, safari hii ukiiondoa ile treni. Imefutwa, na hilo hutokea. Kama inayofuata inakuja baada ya dakika 10, unafika saa 12 kamili ukihema, lakini umefika. Kama inakuja baada ya nusu saa, mtoto wako ndiye wa mwisho, ameshavikwa koti, na mwalimu anatazama saa. Kwa sababu hiyo nawaambia wazazi wasidanganyike na kasi ya treni. Treni ya dakika 40 inayopita kila baada ya dakika 10 ni salama kuliko ya dakika 25 inayopita kila nusu saa. Kipimo changu ni hiki: mji unafaa ikiwa ukikosa treni moja bado utamwahi mtoto. Usipofaulu hapo, ufute kwenye orodha hata kama kodi yake inapendeza.

Asubuhi ina hesabu yake pia. Nasari ikifungua saa 2 asubuhi, na safari nzima ni saa moja na robo, hutafika ofisini kabla ya saa 3:15. Zungumza na mwajiri mapema. Tangu tarehe 6 Aprili 2024, mfanyakazi ana haki ya kuomba mpangilio tofauti wa saa za kazi tangu siku ya kwanza kazini. Mwajiri anaweza kukataa, lakini lazima alishughulikie ombi na atoe sababu zinazotambulika kisheria. Wazazi wengi walio wawili hugawana zamu: mmoja anapeleka asubuhi na kuchelewa kutoka, mwingine anaingia kazini alfajiri ili awahi kuchukua.

Na kuna simu ya mchana. Mtoto akipata homa nasari inapiga simu na inataka aje mtu sasa hivi. Akitapika au kuharisha, mwongozo wa afya ni akae nyumbani hadi saa 48 zipite tangu mara ya mwisho. Ukiwa mgeni, huna shangazi wala jirani wa kumtuma. Kama inawezekana, mmoja wenu awe ndani ya nusu saa kutoka kwa mtoto, au afanye kazi nyumbani baadhi ya siku. Nyote wawili mkiwa mbali kwa saa moja na nusu, kila ugonjwa mdogo unageuka dharura.

Hatua ya 2: Fuata reli kutoka ofisini kwenda nje

London haina kituo kikuu kimoja. Kila upande wa nchi una vituo vyake vya mwisho, na reli hizo hazichanganyiki sana. Ndiyo maana kuuliza "mji gani ni mzuri?" hakuleti jibu mpaka useme unafanya kazi wapi.

Treni za kampuni ya c2c kutoka Grays, Basildon na Southend huishia Fenchurch Street, ndani ya eneo la mabenki. Fenchurch Street haina kituo cha treni ya chini ya ardhi. Unatembea hadi Tower Hill, au unabadilisha mapema pale West Ham au Limehouse. Anayefanya kazi Aldgate atafurahia Grays. Anayefanya kazi hospitali ya magharibi, pande za Hammersmith, atakuwa amejinunulia safari ya kuvuka jiji zima mara mbili kwa siku.

Luton, pamoja na kituo chake cha Leagrave, iko kwenye njia ya Thameslink inayopenya katikati ya jiji: St Pancras, Farringdon, Blackfriars, bila kubadilisha. Watford Junction na Milton Keynes zinakwenda Euston. Slough na Reading zina treni za Paddington pamoja na Elizabeth line, iliyofunguliwa Mei 2022, inayokatiza jiji na kutokea mashariki: tawi moja linaishia Abbey Wood, jingine Shenfield. Njia hiyo imezifanya sehemu kama Abbey Wood, zilizokuwa zikionekana mbali, kuwa karibu na ofisi nyingi kuliko mitaa mingine ya ndani.

Mkoa wa Kent unahitaji uangalifu wa peke yake. Kutoka Gravesend kuna treni ya kasi inayofika St Pancras chini ya nusu saa, na kuna ya kawaida inayochukua kama saa moja hadi London Bridge na kuendelea. Nauli ya ile ya kasi ni kubwa zaidi, na tiketi ya kawaida haikubaliki humo bila kuongeza pesa. Tangazo la nyumba likisema "dakika 24 hadi London", linazungumzia treni ya bei ya juu, na halihesabu kutembea hadi kituoni.

Kwa hiyo weka kidole kwenye kituo kilicho karibu na ofisi, fuata reli zinazopita hapo bila kubadilisha, na uandike vituo vilivyo nje. Orodha hiyo huwa fupi, miji mitano au sita. Badiliko moja la treni linavumilika. Mawili, ukiwa na saa ya kumwahi mtoto, yanachosha haraka.

Kama mtoto mdogo bado anasukumwa kwenye kigari, kagua pia kama kituo kina lifti. Tovuti ya National Rail inaeleza hilo kwa kila kituo, na ramani ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, inaonyesha vituo visivyo na ngazi kwa alama ya kiti cha magurudumu. Kituo chenye daraja la ngazi na bila lifti ni mateso ya kila siku kwa mzazi aliye peke yake na kigari, begi, na mtoto mwingine mkononi.

Hatua ya 3: Jumlisha kodi, nauli na malezi kwa pamoja

Hapa ndipo miji mingi ya bei nafuu inaporudi kuwa ghali. Nitumie namba za mfano, wewe uweke zako.

Tuseme nyumba ya vyumba viwili ukingoni mwa London ni pauni 1,900 kwa mwezi, na inayofanana nayo katika mji wa nje ni pauni 1,450. Umeokoa 450. Nauli ya kwenda kazini siku tano kutoka ukingoni ni pauni 190 kwa mwezi, kutoka mji wa nje ni 480. Tofauti ni 290, umebaki na 160. Sasa, safari ndefu inakuchelewesha kiasi kwamba watoto wawili wanahitaji saa ya ziada ya malezi kila siku. Ikiwa saa hiyo ni pauni 7 kwa mtoto, siku 20 za kazi ni pauni 280. Mji wa nafuu umekugharimu pauni 120 zaidi kila mwezi, na saa ya ziada umeipoteza pia. Hiyo ni kwa mzazi mmoja anayesafiri. Wakisafiri wote wawili, tofauti ya nauli inakuwa 580 badala ya 290, na hakuna kilichookolewa tangu mwanzo.

Lakini geuza kidogo. Ofisi inakutaka siku mbili tu kwa wiki. Nauli ya mji wa nje inashuka, tuseme, hadi 240, na ya ukingoni hadi 80. Tofauti ni 160. Malezi ya ziada yanakuwa ya siku nane, pauni 112. Kati ya zile 450, umebaki na 178 mfukoni kila mwezi, na pengine bustani ya watoto kucheza. Familia mbili zinaweza kutazama mji uleule na kila moja ikawa sahihi katika uamuzi wake, kwa sababu tu ya idadi ya siku za ofisini. Pata idadi hiyo kwa maandishi kutoka kwa mwajiri kabla ya kuhamia mbali.

Kuhusu tiketi: ya mwaka huuzwa kwa bei ya tiketi 40 za wiki, hivyo mwenye kusafiri siku tano mwaka mzima anapata nafuu. Baadhi ya waajiri hukopesha pesa za tiketi hiyo bila riba na kuzikata kidogo kidogo kwenye mshahara, uliza. Kwa wa siku mbili au tatu kuna Flexi Season, inayokupa siku 8 za kusafiri ndani ya siku 28. Linganisha na bei ya kulipa kila safari, maana si kila njia inashinda. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi kwenye treni, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa nusu.

Ongeza pia kodi ya halmashauri, inayolipwa na mpangaji. Nyumba zimepangwa madaraja A hadi H kwa thamani zake za mwaka 1991, lakini kiwango kinatofautiana sana kati ya halmashauri na halmashauri. Wandsworth na Westminster ni miongoni mwa zenye kiwango cha chini kabisa nchini, ingawa kodi za nyumba zake ni za juu. Daraja la nyumba yoyote unalipata kwenye tovuti ya serikali kwa postikodi. Mzazi aliyetangulia na anaishi bila mtu mzima mwingine anapata punguzo la asilimia 25, aliombe.

Hatua ya 4: Angalia mpaka wa London unapita wapi

Mtaa ulio ndani ya mpaka wa jiji na ule ulio kilomita mbili nje yake unaweza kufanana kwa kila kitu, lakini mtoto wa ndani ana haki ambazo wa nje hana. Tangu Septemba 2023, chini ya Meya Sadiq Khan, kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali ndani ya London anakula chakula cha mchana bure. Nje ya London, bure kwa wote inaishia mwisho wa Year 2, yaani karibu miaka 7. Baada ya hapo wanaoendelea ni wa familia zinazotimiza masharti ya kipato. Kwa watoto wawili, hiyo ni pesa inayoonekana kila wiki.

Vilevile, ndani ya mtandao wa TfL, mtoto wa chini ya miaka 11 husafiri bure kwenye mabasi, na bure kwenye treni ya chini ya ardhi na treni za DLR, Overground na Elizabeth line akiwa na mtu mzima aliyelipa. Mabasi ya miji ya nje huendeshwa na kampuni mbalimbali, kila moja na bei yake, na mengine hayapiti kabisa Jumapili jioni.

Kwa hiyo kabla hujaruka hadi mji wa nje, pima kwanza mitaa ya ndani iliyo ukingoni: Barking, Dagenham, Thamesmead, Abbey Wood, Thornton Heath, Hayes. Si ya kupendeza kila kona. Kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka 10 na wazazi wote kazini mjini siku tano, mara nyingi ndiyo inayoshinda hesabu, na mimi huwaambia watu waanzie huko.

Hatua ya 5: Nasari kabla ya nyumba

Serikali hulipia saa 15 kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, kwa kila mtoto wa miaka 3 na 4, kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 3. Haki hii haitegemei viza ya mzazi. Zile saa 30 za wazazi wanaofanya kazi, ambazo tangu Septemba 2025 zinaanzia mtoto wa miezi 9, ni jambo jingine. Ikiwa wazazi wote wawili wana viza inayowanyima fedha za umma, hamzipati, na vivyo hivyo ule mchango wa serikali kwa gharama za malezi unaoitwa Tax-Free Childcare. Familia nyingi zinafika zikiwa zimeshapiga bajeti ya saa 30, na pengo lake ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya kodi. Soma masharti ya viza yako leo. Familia za viza hiyo zenye kipato kidogo zinaweza kupata saa 15 kwa mtoto wa miaka 2, uliza halmashauri.

Nasari nzuri zina orodha za kusubiri, na za watoto wachanga ndizo hujaa zaidi. Piga simu nasari tatu au nne katika kila mji ulio kwenye orodha yako, ukiwa bado uko ng'ambo. Uliza: mna nafasi ya mtoto wa umri huu mwezi fulani? Siku zipi? Mnafunga saa ngapi? Mnatoza hata wiki za likizo? Mji usio na nafasi hadi mwaka ujao ni mji ambao mmoja wenu hatafanya kazi.

Kuna pia walezi wanaolea watoto nyumbani kwao, wachache kwa wakati mmoja. Baadhi hufungua mapema kuliko nasari, na wengine huwachukua wakubwa shuleni. Anayelipwa kulea nyumbani kwake watoto wa chini ya miaka 8 kwa zaidi ya saa mbili kwa siku lazima awe amesajiliwa, mara nyingi na Ofsted, taasisi ya serikali inayokagua nasari na shule. Nalisisitiza kwa sababu nia zetu ni njema na desturi ya kumwachia mama wa jirani mtoto, ukampa chochote, tumeizoea. Pale England inaweza kumtia huyo jirani matatani.

Hatua ya 6: Shule, na nafasi ambazo hazipo

Mtoto huanza darasa la Reception Septemba baada ya kutimiza miaka 4. Aliyezaliwa kati ya 1 Septemba 2021 na 31 Agosti 2022 anaanza Septemba 2026. Maombi hufungwa 15 Januari ya mwaka huohuo, na majibu hutoka 16 Aprili. Unaomba kwenye halmashauri ya unapoishi, na shule zikijaa, nyingi hupokea kwa ukaribu wa nyumba.

Shule za serikali ni bure kwa watoto waliokuja na wazazi wao kwa viza za kukaa. Shida inawakuta wanaofika katikati ya mwaka. Darasa la Reception, Year 1 na Year 2 halitakiwi kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja kisheria, na mwalimu mkuu hawezi kukuongezea kiti kwa huruma. Matokeo yake mkubwa anapewa shule moja na mdogo nyingine, kilomita tatu mbali, zote zikifungua saa ileile. Hesabu yote ya Hatua ya 1 inavunjika.

Kabla ya kulipa chochote kwa dalali, pigia idara ya usajili wa shule ya halmashauri. Taja madarasa ya watoto wako wote na uulize ni shule zipi zina nafasi kwa wote sasa hivi. Baadhi ya halmashauri huweka orodha hiyo mtandaoni. Ukipata shule mbili zenye nafasi, tafuta nyumba inayozizunguka. Usianze na nyumba.

Kwa wanaosubiri Septemba, tafuta kwenye tovuti ya halmashauri umbali wa mtoto wa mwisho aliyepokewa miaka iliyopita. Shule ikiwa ilipokea hadi mita 600, na nyumba yako iko mita 900, usijenge matumaini juu yake. Ripoti za Ofsted zisome mwenyewe. Tangu Septemba 2024 shule za serikali hazipewi tena hukumu ya neno moja kwa shule nzima, na hilo naliona jema, kwa sababu maelezo ya ndani ndiyo yanayomsaidia mzazi. Mkiwa Wakatoliki, bebeni vyeti vya ubatizo. Shule nyingi za Kikatoliki huwapa kipaumbele waliobatizwa, na kuagiza cheti baadaye kunachelewesha.

Jambo la mbele kidogo: Kent, Medway na Slough zina shule za sekondari za mchujo, kwa mtihani unaofanywa mtoto akiwa na miaka 10 au 11. Baadhi ya wazazi huhamia huko kwa ajili hiyo. Mtoto wako akiwa na miaka mitatu, usilipie kodi ya juu leo kwa mtihani wa miaka saba ijayo.

Hatua ya 7: Kaa kwanza, kisha upange

Usipange nyumba ukiwa ng'ambo kwa kutazama picha, na usitume pesa kwa mtu anayekwambia ufunguo utatumwa kwa posta. Panga mahali pa muda kwa wiki chache, katika mji unaoongoza kwenye orodha yako au jirani yake.

Wiki hizo zitumie kuijaribu safari yenyewe. Nenda Jumanne, Jumatano au Alhamisi, siku ambazo treni hujaa zaidi, kwa saa zilezile utakazosafiri. Nenda pamoja na kigari. Anza mlangoni pa nyumba, pitia nasari, simama hapo dakika kumi kama anayemvua mtoto koti na kumuaga, kisha nenda kituoni. Jioni rudi kwa njia hiyo. Angalia kama barabara ya kutoka kituoni ina taa na njia ya miguu, maana Desemba giza linaingia kabla ya saa 10 na nusu jioni. Siku nyingine fungua tovuti ya Realtime Trains uone treni ya saa yako ilivyokwenda siku zilizopita. Na uliza kuhusu wikendi, kwani matengenezo ya reli hufanywa zaidi Jumamosi na Jumapili, na basi la badala linachukua muda mrefu.

Nyumba yenyewe iangalie kwa macho ya mtoto anayekohoa. Paka mkono kwenye ukuta nyuma ya kabati na kwenye pembe za dirisha la chumba cha kulala; weusi unaotoka ni ukungu, na rangi mpya iliyopakwa kwenye pembe moja tu ni ishara. Uliza cheti cha nishati. Madaraja ni A hadi G, na nyumba ya kupangisha haitakiwi kuwa chini ya E isipokuwa ina msamaha rasmi. Nyumba ya E na ya C zenye kodi sawa hazilingani ikifika Januari.

Madalali wengi hutaka kipato cha mwaka kiwe mara 30 ya kodi ya mwezi: kwa kodi ya pauni 1,500, pauni 45,000. Amana ya kushikilia nyumba haizidi kodi ya wiki moja, na amana kuu haizidi ya wiki tano pale kodi ya mwaka ikiwa chini ya pauni 50,000. Kwa kodi hiyo ya 1,500, hizo ni takriban pauni 346 na 1,730. Anayetaka zaidi anavunja sheria ya mwaka 2019. Amana kuu lazima iwekwe kwenye mfuko uliosajiliwa ndani ya siku 30, na upewe maelezo yake kwa maandishi. Watu wazima wote watakaguliwa haki ya kupanga, kwa kawaida kwa namba maalum ya kumpa mwenye nyumba (share code) unayoitoa kwenye akaunti yako ya viza.

Wageni wasio na historia ya mikopo walikuwa wakitakiwa kulipa miezi sita mbele. Renters' Rights Act ya mwaka 2025 inabadilisha hilo kwa mikataba mipya kuanzia 1 Mei 2026: mwenye nyumba hawezi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla ya upangaji kuanza, hawezi kukukataa kwa sababu una watoto, na mikataba ya muda maalum inaondoka. Mpangaji anaweza kutoka kwa notisi ya miezi miwili. Kwa familia inayohama, hilo la mwisho ni kubwa. Nyumba ya kwanza inaweza kuwa ya kujaribia mji, na msipoelewana nao mnaondoka.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza baada ya kupata ufunguo

Peleka ombi la shule siku hiyohiyo, kwa sababu hamwingii kwenye foleni mpaka ombi lifike, ingawa humo hupangwa kwa vigezo vya shule, si kwa tarehe ya ombi. Jisajilini kwa daktari wa familia wa eneo lenu. Ni bure, na zahanati haitakiwi kuwakataa kwa kukosa uthibitisho wa anwani. Waambieni kuna watoto wa chini ya miaka 5 na mpeleke kadi zao za chanjo, ili muuguzi wa watoto awafikie. Fungueni akaunti ya kodi ya halmashauri kabla haijawafuata na madeni ya nyuma. Mnunue tiketi ya wiki, ya mwezi bado, mpaka mwone saa za kazi na za nasari zinakaaje. Na treni ikichelewa dakika 15 au zaidi, kampuni nyingi hurudisha sehemu ya nauli kupitia Delay Repay: piga picha ya tiketi, andika saa mliyofika, ombeni ndani ya siku 28.